Aliyeagwa Kila Oktoba

Ylva Näslund tulimuaga mara nne. Mara nne mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira, Torbjörn, alisimama katikati ya uwanja na shada la maua mkononi, akasafisha koo, akasema yale maneno yake ya kila mwaka, akamkumbatia kwa mkono mmoja kama mtu anayebeba ngazi, na sisi kandokando ya uwanja tukapiga makofi na glavu zetu. Halafu Aprili ikifika, theluji ikisukumwa pembeni, unamwona Ylva yule yule na goti lake limefungwa, anakimbia na wenzake kama hakuna lililotokea. Mwenye duka la maua alikuwa ameshazoea.

"La Ylva?" alikuwa akiniuliza nikienda kulichukua.

"La Ylva."

"Nikuwekee kama la mwaka jana, au safari hii anaacha kweli?"

Tulikuwa tukicheka, mimi na yeye. Siku hizi sioni kilichotuchekesha.

Mimi ni Gunvor, wa kioski cha uwanja wa Tallsele. Nauza kahawa, soseji ndani ya mkate, na mikate ya mdalasini ninayooka mwenyewe. Sikuiomba kazi hii na hailipi. Mkutano wa mwaka wa klabu yetu una kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: asiyehudhuria ndiye anayechaguliwa. Mwaka ule nilikuwa na mafua. Torbjörn naye alifanywa mwenyekiti siku aliyokuwa kwenye harusi ya binti yake, na hajapata wa kumwachia mpaka leo. Ndivyo tulivyo wote pale, hakuna aliyepanda cheo, kila mtu kakwama alipokwama.

Nyuma yangu ukutani kuna ndoano, na kila mtu wa klabu ana kikombe chake kwenye ndoano yake. Anayeacha kikombe bila kuosha atanisikia. Cha Ylva kilikuwa cheupe, kimechorwa sungura, mdomo umemeguka kidogo. Alipewa na baba yake alipokuwa mdogo, na kilikaa kwenye ndoano yake hata miaka yote aliyokuwa mbali, kwa sababu nilikataa kukitoa.

Namjua tangu hajui kufunga kamba za viatu. Baba yake, Evert, aliendesha lori la magogo la kiwanda cha mbao. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha huku kwetu, ambako mtu akikwambia "si mbaya" amekusifu kupita kiasi. Timu ya wasichana wa umri wake haikuwepo, hivyo Ylva alicheza na wavulana, beki wa kati, na wavulana walimwogopa. Mama mmoja alikuja dirishani kwangu kulalamika kwamba si haki, yule binti anamwumiza mwanawe.

"Basi mwanao afundishwe kuruka," nilimwambia, na soseji yake nikampa bila haradali.

Alipomaliza shule alichukuliwa na klabu kubwa ya mji wa pwani, iliyokuwa ligi kuu ya wanawake. Tukasema sasa ameula. Lakini ukisikia ligi kuu usifikirie makubwa. Asubuhi alifuta watoto makamasi kwenye shule ya chekechea, jioni alikwenda mazoezini, na mwisho wa wiki alilala kwenye basi kuelekea kusini, akacheza, akalala tena kwenye basi kurudi. Wanaume wa klabu hiyo hiyo walikuwa daraja la chini huko, na bado wao ndio waliopewa uwanja saa za kibinadamu. Wanawake walipewa saa zilizobaki. Ylva hakulalamika. Akija nyumbani Krismasi alikaa kioskini kwangu, kikombe cha sungura mkononi, akasinzia katikati ya maneno.

Mara moja tu alivaa jezi ya njano ya taifa. Ilikuwa mechi ya kirafiki, mvua inanyesha, uwanja nusu mtupu. Evert aliendesha gari siku nzima kwenda kumwona mwanawe. Ylva akakaa benchi, akakaa, akakaa, dakika zikaisha moja moja, na Evert kwa baridi akaona bora akanunue soseji. Akiwa kwenye foleni, mwanawe akaingia. Akapiga kichwa kimoja, akatoa pasi mbili, refa akapuliza filimbi ya mwisho. Evert alirudi na soseji mbili mkononi akakuta watu wanatoka. Alimwambia Ylva amemwona, na kwamba hakuwa mbaya. Mji mzima ulijua kuwa hakuona kitu, na Ylva alijua pia, lakini mpaka tunamzika Evert hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele ya mwenzake.

Goti lilikatika kano mwaka uliofuata, kwenye nyasi bandia, peke yake, hakuguswa na mtu. Akapasuliwa. Mkataba wake ulipoisha klabu ile haikuongeza mwingine, ila wenyewe huko ni waungwana, hawamwachi mtu aondoke hivi hivi, lazima maua. Wakamwita uwanjani kabla ya mechi. Alikuwa kwenye magongo mawili. Kiongozi akamkabidhi shada, na Ylva hakuwa na mkono wa kulipokea. Ikabidi mchezaji mwenzake amshikie, na anaposimulia kisa hiki husema shada lile hajui lilikwenda wapi.

Akarudi Tallsele. Akapata kazi ya kusaidia wazee majumbani, kazi ya halmashauri, na gari dogo jeupe. Unamwamsha huyu, unamwogesha yule, unampa mwingine dawa zake. Na zaidi ya yote, unawavisha soksi. Nusu ya wazee wa mji huu miguu imevimba, na daktari amewaandikia zile soksi za kubana zinazopanda mpaka gotini. Soksi zile hazivaliki kwa mkono wa mzee. Lazima mtu apige magoti sakafuni mbele yako, aweke mguu wako kwenye paja lake, avute. Ylva alikuwa akipiga magoti hivyo kutoka nyumba hadi nyumba asubuhi nzima, na jioni anakuja uwanjani kukimbia juu ya goti lile lile.

Maana alianza tena kucheza, kwetu, daraja la tatu. Alisema ni kwa kujifurahisha tu. Miaka ya mwanzo ilikuwa kweli. Watu waliwahi kutoka kazini wamwone akicheza. Alikuwa hakimbii sana, ila mpira ulimkuta pale aliposimama, na washambuliaji wa timu nyingine walimchukia kwa moyo wao wote. Wasichana wadogo walitaka namba nne mgongoni kwa ajili yake. Halafu goti likaanza kuvimba kila baada ya mechi, na Oktoba moja akatuambia imetosha. Tukampa maua.

Machi iliyofuata, Torbjörn alikwenda kwake na mfuko wa mikate yangu ya mdalasini. Hakumwomba kitu. Huku kwetu mtu haombi. Alikaa mezani jikoni, akanywa kahawa, akatazama dirishani, akasema, "Tuko kumi tu mwaka huu," akashusha pumzi. Akaongelea theluji. Akashusha pumzi tena. Ylva akasema atakuja mazoezini tu, kujaza idadi. Mechi ya kwanza alikuwa kwenye kikosi.

Mwaka wa pili kipa wetu alipata mimba. Mwaka wa tatu mabinti wawili walikwenda chuo kikuu. Mwaka wa nne sikumbuki sababu, nadhani haikuwepo, tulikuwa tumeshazoea. Oktoba tunampa maua, Machi Torbjörn anabeba mikate. Na hotuba yake ya kuaga kila mara iliishia kwa mzaha ule ule: "Lakini tunajua unakoishi, Ylva!" Watu wanacheka, Ylva anacheka, uso wake umechoka mpaka unamwonea huruma. Tulimvika kilemba cha ukoka mwaka baada ya mwaka, na tukajiona tuna shukrani.

Vuli ile ninayotaka kuisimulia, mambo yalikuwa mabaya. Nilimwona akishuka kwenye gari lake jeupe kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Siku moja alikuja dirishani, nikamwekea kahawa, akasema bila kunitazama:

"Gunvor, jana nilimvisha soksi bibi mmoja wa mtaa wa juu, nikashindwa kuinuka."

"Ukafanyaje?"

"Akanivuta yeye. Ana miaka tisini. Alinishika hapa kwenye kwapa, akasema, pole mwanangu, tuhesabu moja mbili tatu." Akacheka, halafu hakucheka. "Daktari ameshaona picha. Anasema mfupa unasaga mfupa. Nikiacha sasa goti litanitunza miaka mingi bado. Nikicheza msimu mwingine, basi, sitapiga magoti tena. Na kazi yangu ni magoti."

"Hiyo kazi si utapewa nyingine?"

"Ipi? Mimi nimesomea nini? Nimesomea mpira."

Nilimwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

Alimwambia Torbjörn msimu wa kuwinda kulungu ulipoanza, wakati ambao nusu ya wanaume wa Tallsele wako msituni na hata mechi zinasogezwa kwa sababu kocha ana bunduki begani. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa gerejini kwa Torbjörn, ambako tunahifadhi karatasi za chooni. Klabu yetu inaishi kwa karatasi za chooni. Kila mchezaji anachukua mapakiti na kuyauza nyumba kwa nyumba, na yalikuwa yamepangwa pale mpaka darini. Torbjörn alikuwa katikati yake, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, anafuta bunduki.

"Torbjörn, mwaka huu naacha."

"Ehe." Hakuinua hata uso. "Oktoba imekaribia, siyo?"

"Sitanii, bwana. Daktari amesema goti limekwisha."

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka juzi nilisema mimi. Mwaka huu kasema yeye."

Torbjörn akanigeukia. "Gunvor, umesikia? Safari hii kaja na daktari!"

"Nimesikia," nikasema. "Na wewe sikia."

"Haya, haya. Maua niagize ya rangi gani?"

"Usiagize," Ylva akasema.

"Usikasirike, natania tu..."

"Sijakasirika. Usiagize tu. Nimechoka kuyapokea."

Akachukua mapakiti yake mawili ya karatasi, moja kila kwapa, akatoka akichechemea. Torbjörn akatikisa kichwa kwa upendo, kama mtu anayemtazama mtoto wake akinuna. Wala si mtu mbaya. Ndiye anayesukuma theluji uwanjani, ndiye anayechora mistari, ndiye anayepigiwa simu na kila mzazi mwenye donge. Ana uchovu wake mwenyewe. Lakini kuna masikio ambayo yakishasikia jambo mara nne, mara ya tano hayalipokei tena.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Bäckmo, kijiji cha jirani, watu ambao hatuwapendi na wao hawatupendi, na hakuna anayekumbuka chanzo. Sare ilitutosha kubaki kwenye daraja letu. Tukifungwa tunashuka, na timu ikishuka ilikuwa wazi kwamba itavunjika, maana wasichana wazuri wangekwenda kwingine. Kulikuwa na baridi ile yenye unyevu inayoingia kwenye mifupa. Kahawa yangu iliisha kabla ya mapumziko, nikachemsha nyingine.

Ylva alicheza akiwa amefungwa goti mpaka paja. Hakuweza kugeuka kwa upande wa kulia, na mshambuliaji wa Bäckmo, msichana mwepesi mwenye nywele nyekundu, aliligundua hilo mapema, akawa anampitia huko huko.

"Bibi, mpishe!" mtu wa Bäckmo akapiga kelele. "Atavunja nyonga!"

"Njoo ununue soseji, utaona nani atavunjwa!" nikamjibu kutoka dirishani, na watu wetu wakacheka.

Lakini moyo wangu haukuwa unacheka. Kila alipogeuka nilishika ukingo wa dirisha. Tulikuwa bao moja kwa bao moja, zimebaki dakika chache, na yule mwenye nywele nyekundu akampita tena, akampita na kipa, akasukuma mpira polepole kuelekea goli tupu. Ylva alikuwa ameshaachwa. Sijui alipata wapi ile mbio. Alijitupa, akauondoa mpira kwenye mstari kwa mguu mbovu, akabaki ameshikilia nguzo ya goli. Wenzake walimrukia kwa furaha. Yeye alikuwa akisema, "Niacheni, niacheni kidogo," niliiona midomo yake ikisema hivyo.

Sare. Tukabaki. Wasichana wakaimba, wazazi wakaingia uwanjani, na Torbjörn akachukua kipaza sauti, machozi yanamlengalenga.

"Na nahodha wetu!" akasema. "Safari hii hakuna maua, maana amenikataza! Anajua mwenyewe kuwa hawezi kutuacha! Ylva, tuonane Aprili!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Ylva alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na goli. Akanyanyua mkono juu, kiganja wazi, kama mtoto darasani anayetaka kusema. Alitaka kusema. Niliona. Watu wakadhani anawapungia, wakampungia na wao, mamia ya glavu hewani, na mkono wake ukashuka taratibu.

Nilipandwa na hasira hata nikamwaga kahawa. Hasira kwa Torbjörn, hasira kwa hizi tabia zetu, kwa kuwa nchi nzima tunaweza kupungiana mikono na hakuna anayeuliza, "Ulikuwa unasema nini?"

Watu walipokwisha ondoka alikuja. Hakuja dirishani, aliingia ndani, kwa mlango wa nyuma. Akachukua kikombe chake cha sungura kwenye ndoano, nikammiminia kahawa, akanywa amesimama kwa sababu akikaa asingeinuka. Alipomaliza akakiosha, akakiosha vizuri, hata lile doa la zamani la kahawa ndani ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelikatia tamaa. Akakikausha na kitambaa. Halafu badala ya kukirudisha kwenye ndoano, akakifunga kwenye soksi yake ya mpira iliyo safi, akakiingiza kwenye begi.

Mara zote nne alikiacha. Mashada mawili yalikaa nyumbani kwake mpaka yakakauka, mengine mawili aliwapa wazee, lakini kikombe hakukigusa hata mara moja.

"Ylva," nikasema.

"Najua timu itakuwa na watu kumi," akasema haraka. "Najua, Gunvor. Usiniambie. Mnanipa maua kwa mkono mmoja na mwingine umenishika jezi. Kila mwaka. Na mimi sina nguvu ya kujinasua, sijui kwa nini, nawaona mmesimama pale kwenye baridi nasema basi, mwaka mmoja. Sasa nikienda tu hivi, bila maua, bila hotuba, labda..."

"Nenda," nikasema.

Akanitazama.

"Nenda, mwanangu. Usirudi. Nikikuona hapa Aprili nitakufukuza na ufagio. Umetuchezea vya kutosha. Timu ikifa, ife."

Nilikuwa namaanisha, na iliniuma kusema, kwa sababu timu ile ndiyo iliyonitoa nyumbani tangu mume wangu alipofariki. Ylva aliweka begi chini. Akalia kama nilivyokuwa sijamwona akilia, si tulipomzika Evert, si kwa ile jezi ya njano. Nikamshika. Mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kukumbatiana kabla ya hapo, na hatukuwa hodari.

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," akasema begani kwangu. "Wote huniambia asante. Hakuna aliyewahi kuniambia nenda."

Machi, Torbjörn alikuja kioskini. Theluji ilikuwa bado imelala uwanjani, mimi nilikuwa napanga vitu. Akaagiza mikate ya mdalasini, mfuko mzima.

"Ya nini?" nikauliza, na huku najua.

"Nampitia Ylva. Tuko kumi tu mwaka huu."

"Tazama ndoano."

Akatazama. Ilimchukua muda. Akahesabu vikombe kwa macho, akarudia, akafika pale penye ndoano tupu.

"Alikichukua lini?"

"Siku ile mliyompungia."

"Lakini hakusema kitu!"

"Alisema gerejini kwako, mbele yangu. Akanyanyua mkono uwanjani, mbele ya watu wote. Ulitaka akuandikie kwenye karatasi za chooni?"

Torbjörn akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. "Nikienda tu kumsalimia..."

"Ukienda kwake na mfuko huo, funguo za kioski hizi hapa, utachemsha kahawa mwenyewe."

Akafungua mfuko pale pale dirishani akaanza kula ile mikate, mmoja baada ya mwingine, akitazama uwanja mweupe. Nilimwonea huruma. Nikamwekea kahawa.

"Sikumuaga," akasema mwishowe, mdomo umejaa. "Mara ile aliyoondoka kweli, sikumuaga."

"Hukumuaga," nikasema.

Timu haikufika Juni. Kumi wakawa tisa, na klabu ikaungana na Bäckmo. Ndiyo, Bäckmo. Sasa wasichana wetu wanavaa jezi nusu bluu nusu kijani, mechi moja wanacheza kwetu na moja kwao, na yule mwenye nywele nyekundu hunywa kahawa yangu. Kikombe chake nimekipa ndoano ya mwisho kabisa, karibu na ndoo. Watu wengine walisema Ylva ndiye aliyeiua timu. Hawakumwambia yeye, bila shaka. Waliniambia mimi dirishani, nami niliwapa soseji bila haradali.

Ylva hakuja uwanjani msimu wote. Nilimwona mara chache akipita na gari lake jeupe, na nilikuwa namkosa, sifichi. Wakati mwingine nilikuwa nikigeuka kuchukua kikombe, mkono ukaenda wenyewe kwenye ndoano tupu.

Majira ya baridi yaliyofuata miguu yangu ilinishinda. Miaka yote ya kusimama nyuma ya dirisha lile ilikuja kudai chake. Ilivimba mpaka viatu vikakataa, daktari akaniandikia zile soksi za kubana, nami nikapigana nazo kitandani asubuhi tatu, nikilia kwa hasira na soksi imekwama kisiginoni. Mimi ambaye nilikuwa nimeapa kwamba mtu wa halmashauri hataingia nyumbani kwangu, nikapiga simu.

Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Ylva, theluji kwenye kofia.

"Nimeomba mtaa wako," akasema. "Kaa hapo. Na usinisumbue, naambiwa wewe ni mkorofi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu aliyewahi kununua soseji."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikiona aibu ya miguu yangu iliyovimba. Yeye akapiga magoti sakafuni. Nilimtazama goti lile likishuka, nami nikashika ukingo wa kitanda kama nilivyoshika dirisha siku ya Bäckmo. Likagusa sakafu. Akaweka mguu wangu kwenye paja lake, akavuta soksi, akalainisha mikunjo kwa viganja, akaenda mguu wa pili. Akafanya taratibu bila kukunja uso. Halafu akainuka. Hakushika kitanda, hakushika kiti, hakuhesabu moja mbili tatu. Aliinuka tu, kama mtu anavyoinuka, akajipangusa suruali.

Nikafungua mdomo.

"Asante," nikasema.

"Usianze, Gunvor," akasema, akichukua koti lake. "Mwisho utaniletea maua."